Mtetemo wa Gari Lenye Nguvu: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

Nchini Marekani wapo watu wengi waliotunza hadi leo magari yaliyoundwa baina ya mwaka 1964 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Jina hilo lilistahili. Gari lilikuwa la ukubwa wa kati, la bei ambayo kijana mwenye mshahara aliweza kuimudu, lakini chini ya boneti kiwanda kilitia injini iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya silinda 8 na ujazo wa lita 6.4, ndiyo ihesabiwayo na wengi kuwa iliyofungua njia. Miaka sita baadaye, baada ya kampuni ya General Motors kuiondoa kanuni yake yenyewe iliyozuia injini za zaidi ya inchi 400 za ujazo katika magari ya kati, Chevrolet ilitoa Chevelle SS 454. Injini yake ilikuwa ya lita 7.4, na ile ya daraja la juu, iliyojulikana kwa alama ya LS6, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450 kwa kipimo cha siku zile.

Polisi nao hawakuachwa nyuma. Doria ya barabara kuu za California iliendesha Dodge Polara za mwaka 1969 zenye injini ya inchi 440 za ujazo, na kwa miaka kadhaa mhalifu aliyekimbia kwa gari la misuli alijua ya kuwa anayemfuata naye anayo misuli.

Magari hayo sasa yamepita umri wa miaka 50. Karibu yote yamekwisha kufumuliwa na kuunganishwa upya, pengine na mafundi watatu au wanne kwa zamu, na kwa vipuri vilivyotolewa katika magari mbalimbali. Ndiyo sababu ugonjwa ulio mwingi miongoni mwao ni mtetemo. Gari hutoka gereji likiwa linang'aa, likafika mwendo wa kilomita 90 au 100 kwa saa, na ghafula kiti, sakafu na kioo cha nyuma vikaanza kutikisika. Mwenye gari hubadili matairi, mtetemo ukabaki palepale. Hubadili krosi za propela, ukabaki. Hubadili mauntingi za injini. Mwishowe hushusha injini nzima, na fedha ambazo zingetosha kununua gari jingine dogo zimekwisha kabla mtu yeyote hajauliza swali la maana: kitu hiki kinatetema mara ngapi kwa sekunde?

Wala jambo lenyewe si la fedha peke yake. Mwaka 1971 General Motors ililazimika kuyaita gereji magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 kwa sababu ya mauntingi za injini. Raba ya upande wa kushoto ilipokatika, injini iliweza kuinuka pale dereva alipokanyaga mafuta, na kuinuka huko kukavuta mtambo wa mafuta ukabaki wazi. Krosi ya mbele ya propela ikivunjika gari likiwa mbioni, ncha ya propela huanguka barabarani, na ikiwa itajichoma katika lami yaweza kulinyanyua gari kama vile mruka juu ainuliwavyo na ufito wake. Kwa sababu hiyo kanuni za mashindano ya kasi huko Marekani hutaka magari yenye kasi zaidi yawe na bangili la chuma lizungukalo propela karibu na krosi ya mbele. Aghalabu krosi ya namna hiyo huwa imetoa habari kwa wiki nyingi kabla ya kuvunjika, nayo habari yenyewe ilikuwa ni mtetemo.

KILA KIZUNGUKACHO KINA IDADI YAKE

Msingi wa uchunguzi wote ni huu. Katika gari mna vitu vichache tu vizungukavyo vikiwa na uzito wa kumtikisa binadamu aliyekaa kitini: magurudumu, propela, na injini pamoja na vilivyofungwa juu yake. Kila kimoja huzunguka kwa kasi yake, na mtetemo wake hulingana na kasi hiyo. Atambuaye idadi ya mtetemo amekwisha kumtambua mwenye kosa kabla hajalala chini ya gari.

Tuchukue Chevelle ya mwaka 1970 yenye giaboksi ya kujiendesha aina ya Turbo-Hydramatic 400, na difu ya uwiano wa 3.31, yaani propela huzunguka mara 3.31 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mzingo wa tairi lake ni kama mita 2.1. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 795 kwa dakika, ambazo ni mara 13 kwa sekunde. Propela huzunguka karibu mara 2,630 kwa dakika, sawa na mara 44 kwa sekunde. Na injini je? Katika gia ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika giaboksi hiyo, uwiano ni moja kwa moja. Kwa hiyo injini nayo huzunguka karibu mara 2,630, ukiacha ule utelezi mdogo wa konvata.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Katika gia ya juu injini na propela huzunguka sawasawa kama askari wawili katika gwaride, na mtu hawezi kumwambia nani kati yao anayekosea hatua. Lazima watenganishwe. Njia ya kuwatenganisha ni gia ya pili, ambayo uwiano wake ni 1.48. Kwa mwendo uleule wa kilomita 100, propela hubaki na mizunguko yake 2,630, lakini injini hupanda hadi karibu 3,890. Hapo mmoja amebadili hatua na mwenziwe hakubadili.

MAJARIBIO MATATU

Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja akishika usukani na mwingine akiandika katika daftari. Kufanya yote mawili pamoja ni kutafuta ajali. Barabara iwe tupu, iliyonyooka na yenye lami nzuri, na upepo wa matairi uwe umepimwa asubuhi yakiwa baridi. Lazima pia gari lifungwe geji ya kuonyesha mizunguko ya injini, hata ile ya kuazima.

Kwanza, dereva apande polepole hadi mtetemo utokee, auendeshe hadi pale unapokuwa mkali kuliko pote, na mwenzake aandike mwendo na mizunguko ya injini. Kisha dereva atie gia nyutro na kuiacha injini ishuke ingurume taratibu, gari likiendelea kuserereka. Injini isizimwe kabisa, maana usukani na breki zitakuwa nzito mara moja. Mtetemo ukiendelea huku injini ikiwa imetulia, injini haina hatia. Tafuta katika magurudumu, propela au difu. Ukitoweka papo hapo, mshukiwa ni injini, ama ni kitu kitetemacho pale tu kinapobeba mzigo.

Pili, jaribio lirudiwe katika gia ya pili. Ikiwa mtetemo unatokea tena kwenye kilomita 100 zilezile na kwa mdundo uleule, basi kosa liko nyuma ya giaboksi. Ikiwa sasa unatokea kwenye kilomita 68 hivi, jua kwamba unafuata injini, kwa kuwa katika gia ya pili injini hufika mizunguko 2,630 gari likiwa kwenye mwendo huo.

Tatu, gari lisimamishwe, breki ya mkono ivutwe, gia iwe nyutro, na injini ipandishwe polepole hadi mizunguko ileile iliyoandikwa. Isishikiliwe hapo kwa muda mrefu. Ikitetema ikiwa imesimama, hakuna haja ya kugusa propela wala tairi hata moja.

Majaribio haya matatu humaliza nusu saa, na gharama yake ni mafuta tu. Siku hizi hata simu ya mkononi, ikilazwa sakafuni na kutiwa programu ifaayo, huweza kuhesabu mitetemo kwa sekunde na kuionyesha kwa tarakimu. Mimi nasema chombo hicho ni kizuri kwa kuthibitisha, lakini mtu asiyejua hesabu ya magurudumu na propela hataambiwa lolote na tarakimu hizo.

Hata bila chombo, mwili wenyewe hupokea habari. Mtetemo wa mara 13 kwa sekunde ni mtikisiko ambao mtu karibu aweza kuuhesabu. Ukisikika zaidi mikononi, kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele, na ukisikika zaidi kitini tazama ya nyuma. Mtetemo wa mara 44 kwa sekunde ni mvumo unaoingia kwenye nyayo na mgongoni. Ule wa mara 88 hausikiki tena kama mtikisiko bali kama sauti ya ngoma iliyofunikwa, ikijaa ndani ya gari na kuwaumiza abiria masikio. Huo wa 88, ambao ni mara mbili kamili ya mizunguko ya propela, una maana ya pekee nitakayoieleza baadaye kidogo.

Juu ya magurudumu sina mengi ya kusema, kwani kila gereji hujua kuyapima uzito. Ila gari la kale hukaa bandani miezi mingi, na tairi likikaa mahali pamoja huwa bapa upande uliogusa chini. Katika miaka ya 1960 matairi yenye nyuzi za nailoni yalifanya hivyo kwa usiku mmoja tu: asubuhi gari lilidunda kwa kilomita chache, kisha likatulia tairi lilipopata joto. Tairi la leo likikaa mwaka mzima pengine halirudi tena katika duara yake, hata kama kashata zake bado ni mpya.

INJINI

Injini ya silinda 8 hupiga moto mara nne katika kila mzunguko wa krankshafti. Silinda moja isipowaka, pigo lake hukosekana mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ingurumapo taratibu kwa mizunguko 700, huo ni mdundo wa kama mara 6 kwa sekunde, mzito na wa kuchechemea. Fundi huondoa waya za plagi moja baada ya nyingine, kwa koleo lenye mpira usiopitisha umeme. Ile ambayo ikiondolewa haibadilishi chochote ndiyo silinda iliyolala. Lakini tahadhari: LS6 ilitoka kiwandani na kemshafti kali iliyokusudiwa kasi kubwa, na injini ya namna hiyo hutikisika inaponguruma taratibu hata ikiwa nzima kabisa. Wapo waliotumia fedha nyingi kuutibu mtikisiko huo, ambao mnunuzi wa mwaka 1970 aliulipia kwa furaha.

Kukosa ulinganifu wa uzito ni jambo jingine. Mtetemo wake huja mara moja katika kila mzunguko wa krankshafti, nao huongezeka kwa haraka ya kutisha, maana kasi ikiongezeka maradufu nguvu yake huwa mara nne. Uzito wa gramu 50 tu uliopungua au kuzidi sentimita 10 kutoka katikati ya mzunguko, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 50. Kwenye mizunguko 6,000 huvuta kama kilo 200, na huvuta hivyo kila upande, mara 100 katika kila sekunde. Msomaji na afikiri hali ya beringi zinazobeba krankshafti hiyo.

Na hapo ndipo Chevelle SS 454 inapomtega fundi asiyejua historia yake. Injini kubwa za Chevrolet za inchi 396, 402 na 427 zilisawazishwa kwa ndani, yaani uzito wote wa kulinganisha uliwekwa katika krankshafti yenyewe. Ile ya 454 ilisawazishwa kwa nje: sehemu ya uzito huo imo katika dampa iliyo mbele ya krankshafti, na sehemu nyingine imo katika flaiwili, au ile sahani nyembamba inayoshika konvata, iliyo nyuma. Vipuri hivyo hufanana kwa macho na hufungwa kwa bolti zilezile. Fundi akichukua sahani ya gari la 396 lililoharibika na kuifunga katika 454, kila kitu kitaingia mahali pake bila kugoma, na gari litatetema maisha yake yote hadi mtu atakapoigundua.

Ford nao wana mtego wao. Injini yao ya inchi 302, iliyotiwa katika Mustang nyingi za mwaka 1968 na kuendelea, husawazishwa kwa nje kwa kipimo cha wakia 28 kwa inchi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo kilibadilishwa kuwa wakia 50. Mtu anunuaye dampa mpya ya Mustang yake ya 1969 bila kuuliza ni ya kipimo gani, anacheza bahati nasibu.

Kabla ya kuishutumu krankshafti, hata hivyo, vilivyofungwa nje vyote vichunguzwe, kwa kuwa vyenyewe ni rahisi kuvifungua. Mikanda ya mbele itolewe na injini iwashwe kwa muda mfupi, usiofikia dakika moja, kwa kuwa pampu ya maji haizunguki. Mtetemo ukiwa umekwisha, mwenye kosa ni feni yenye bawa lililopinda, jenereta, au pampu. Ukiwa bado upo, ichunguzwe konvata: zifunguliwe zile bolti zake tatu, isukumwe nyuma itengane na sahani, na injini iwashwe bila yenyewe. Ukitoweka, konvata imepatikana na hatia. Pengine hata kuizungusha theluthi moja ya duara na kuifunga upya hutosha. Tena itazamwe dampa. Ndani yake mna mkanda wa raba ulioshika bangili la nje, na raba ya miaka 50 hukauka. Bangili likiteleza, alama ya kupimia wakati wa moto huhama, na fundi hutega moto mahali pasipo pake huku akiapa kwamba amefuata kitabu. Pistoni ya silinda ya kwanza ifikishwe juu kabisa, kisha alama ya dampa itazamwe kama inaafiki.

PROPELA NA KROSI ZAKE

Nimeiweka sehemu hii mwisho kwa kuwa ndiyo iliyo na mambo mengi, na ndiyo itakayowafaa zaidi wasomaji wetu. Land Rover ya Series ambayo majeshi na polisi wa Afrika Mashariki wameitumia kwa miaka mingi haina misuli ya Chevelle, lakini propela zake zimefungwa kwa krosi za namna ileile, nazo huugua magonjwa yaleyale.

Mtetemo ulio sawa na mzunguko wa propela, yaani mara 44 kwa sekunde katika mfano wetu, maana yake ni kwamba propela imekosa ulinganifu au imepinda. Atazamaye chini aanze na yaliyo dhahiri: je, lipo doa ambapo kipande kidogo cha chuma cha kusawazishia kiliwahi kuchomelewa kisha kikang'oka? Je, bomba limebonyea kwa jiwe? Je, limegandwa na tope, au na rangi nzito ya kuzuia kutu iliyopulizwa upande mmoja? Ikiwa hakuna, propela ifunguliwe nyuma, izungushwe nusu duara na kufungwa tena kwenye difu. Kosa dogo la propela na kosa dogo la difu, yaliyokuwa yakisaidiana, huenda sasa yakapingana, na mtetemo ukapungua kiasi cha kutosahaulika. Ukiongezeka, irudishwe ilivyokuwa, hakuna kilichopotea. Zaidi ya hapo, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia propela.

Wapo wanaosawazisha propela wenyewe kwa kufunga klipu za mpira wa maji katika bomba na kuzihamisha kidogo kidogo, gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakizunguka. Mbinu hiyo hufanya kazi. Lakini mtu alalaye karibu na propela inayozunguka mara 2,600 kwa dakika, juu yake kukiwa na gari la zaidi ya kilo 1,600, ameamua jambo ambalo mimi sitamshauri.

Sasa ule mvumo wa 88. Kiungo tukiitacho krosi kina asili ya kale. Wazungu wa nchi nyingi hukiita kwa jina la Mwitalia Gerolamo Cardano, mtaalamu wa karne ya 16. Waingereza hukiita kwa jina la Robert Hooke wa karne ya 17. Na Mmarekani Clarence Spicer ndiye aliyepata hataza yake kwa ajili ya magari mwaka 1903. Kazi yake ni kupeleka mzunguko mahali ambapo mihimili miwili haikunyooka. Huifanya kazi hiyo vizuri, lakini kwa kasoro moja isiyoweza kuondolewa: mhimili unaoingia ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, mhimili unaotoka hukimbia kidogo mara mbili na kuchelewa kidogo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa ya nyuzi 10, tofauti hiyo hufika asilimia moja na nusu kila upande. Pembe ya nyuzi 3 huleta tofauti ya kama sehemu 14 tu katika 10,000. Ni kidogo mno, lakini hurudiwa mara 88 kwa sekunde.

Dawa yake ni krosi ya pili. Ikiwa krosi ya nyuma ina pembe sawa na ya mbele, na uma za ncha mbili za propela zimelala katika msitari mmoja, kile kilichoharakishwa na krosi ya kwanza hucheleweshwa na ya pili, na difu hupokea mzunguko ulio laini. Kwa hiyo mtetemo wa mara mbili kwa mzunguko huuliza maswali matatu tu. Je, krosi zimechakaa? Je, propela ilikatwa na kuchomelewa upya na mtu ambaye hakulinganisha uma zake? Je, pembe mbili ni sawa?

Pembe hupimwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, katika shimo au juu ya ngazi za chuma, kamwe si ekseli ikiwa inaning'inia. Kipimapembe huwekwa mahali patatu: nyuma ya giaboksi, juu ya bomba la propela, na kwenye uso wa difu. Tuseme giaboksi imeinama kuelekea nyuma nyuzi 3, propela imeinama nyuzi 5, na pua ya difu imeelekea juu nyuzi 3. Krosi ya mbele ina pembe ya nyuzi 2, na ya nyuma vilevile ni nyuzi 2. Hiyo ni hali njema. Sasa tuseme mtu amebadili springi au mikono ya ekseli, na pua ya difu ikashuka ikabaki juu nyuzi 1. Krosi ya nyuma sasa ina nyuzi 4, ya mbele 2, na mvumo umeanza. Mafundi hutaka tofauti isizidi uzi mmoja, na kila pembe isizidi kama nyuzi 3. Lakini isiwe sifuri. Krosi iliyonyooka kabisa haizisogezi sindano za beringi zake, nazo huchimba mahali pamoja hadi chuma kikaingia mashimo.

Vijana wa Marekani wa miaka ya 1970 walipenda kuinua nyuma ya magari yao kwa shoki za hewa ili matairi mapana yaingie. Gari lilipendeza machoni, lakini pembe zote zikavurugika. Huku kwetu pia, Land Rover iliyotiwa springi ndefu ili ipite majini, kisha ikaanza kuvuma kwenye lami, isipelekwe kwa fundi wa matairi.

Yapo pia yatokanayo na mzigo. Dereva anapokanyaga mafuta, difu hujipinda na kuinua pua yake, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu mbele huisukuma yenyewe nyuma. Katika Chevelle, ambayo ekseli yake imeshikwa kwa mikono minne yenye raba, raba zilizochoka huruhusu pua ipande nyuzi kadhaa. Kwa sababu hiyo mafundi wengi huitega pua chini kwa uzi mmoja au mbili kuliko hesabu kamili, ili ikipanda ifike mahali pake. Gari livumalo likikanyagwa na kunyamaza likiachiwa, lichunguzwe raba hizo kabla ya jambo jingine, pamoja na mauntingi ya giaboksi.

Krosi iliyochakaa hujitangaza. Gia ikihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma husikika mlio mkavu wa chuma. Pembeni mwa vikombe vyake huonekana unga wa rangi ya kahawia, ambao ni kutu ya sindano zilizokauka grisi. Propela ikifunguliwa, krosi ikigeuzwa kwa vidole yapasa iende laini kila upande. Ikinasa katikati kama mlango wenye komeo, imekwisha.

Krosi mpya ifungwapo kwenye difu, nati za mikanda yake zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, si kwa nguvu za mkono. Zikikazwa kupita kiasi hubana vikombe vya beringi na kuviharibu umbo, na gari hutoka gereji likitetema upya siku ileile. Kisha wale watu wawili warudi barabarani na daftari lao, kwa mwendo uleule, gia zilezile na upepo uleule wa matairi, waandike tarakimu mpya kando ya zile za kwanza.